Zero Juu ya Kumi

Mama yangu alimzaba Titulaire kofi mbele ya wagonjwa wote na ndugu zao, na Titulaire akasema, "Asante, mama." Nimeanza na hilo makusudi. Watu wa Uvira wakimkumbuka yule mzee wanakumbuka makofi aliyoyatoa yeye, na kweli alitoa mengi, hata mimi ninalo langu. Lakini hili alilolipokea, na sababu ya kulipokea, wengi hawalijui. Mimi ninalijua, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa dada yangu.

Titulaire kwetu ni mkubwa wa wauguzi wa salle, yaani chumba kimoja kikubwa cha wagonjwa. Wamepita wengi wenye cheo hicho hospitalini, lakini ukisema "Titulaire" tu, bila kuongeza neno, mtu yeyote wa umri wangu atajua unamsema mzee wa salle ya waliopasuliwa. Jina lake sitalitaja. Alikozaliwa sikujui, na sikumuuliza, maana alikuwa mtu wa kuuliza, si wa kuulizwa. Nilimkuta tayari ana mvi, ana mabuti meupe ya mpira, na ana mkasi wa bandeji ambao alikuwa akiugonga kwenye chuma cha vitanda akitaka kimya. Ule mlio ninausikia mpaka leo nikiangusha kijiko.

Mimi nilikuwa mfagiaji pale. Siku yangu ya kwanza alinikuta ninafagia sakafu kavu, vumbi linapanda na kutua juu ya vidonda vya watu. Alinizaba kofi mpaka nikaona nyota, ndipo akasema: "Weye Balai, unataka kuniulia bantu?" Balai ni ufagio kwa Kifaransa chetu, na jina hilo likanishika miaka yote. Nililia kwa hasira nyuma ya jengo, nikarudi na kitambaa kibichi. Nilimchukia tangu saa ile, na kusema kweli, sikufagia kavu tena.

Msidhani ninamtetea. Ile salle ilikuwa ya damu, na yeye alifanana nayo. Barabara ya bondeni ilituletea watu juu ya pikipiki, wamefungwa kitenge kwenye mgongo wa dereva wasidondoke, huyu ana risasi ya paja, yule amekatwa panga begani kwa ajili ya ng'ombe walioingia katika shamba la mpunga kule Sange. Walifika wanatukana. Ndugu zao walifika na fimbo, wakitaka kupigana na ndugu za upande mwingine waliolazwa kitanda cha pili. Titulaire aliwatenganisha kwa mikono. Niliwahi kumwona akimshika kijana mwenye nguvu zake shingoni, akamsukuma nje ya mlango na kumwambia: "Vita yenu iko kule. Huku iko yangu." Kisha akarudi kumfungua bandeji yule aliyekatwa, polepole, akiilowesha kwanza kwa maji ya chumvi, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Hapo ndipo aliponichanganya. Mkono uliokaba ndio huo huo uliofungua kidonda, na mgonjwa hakuguna.

Alikula peke yake katika chumba cha bandeji, bugali na ndagala wa pilipili, kati ya sahani za chuma na chupa za dawa. Mkaguzi mmoja alimwambia si usafi. Titulaire akamjibu kwamba katika jengo zima hakuna mahali anapopaamini kwa usafi isipokuwa pale, kwa sababu alipasafisha mwenyewe. Aliogopa sindano. Ndiyo, yeye! Walipokuja kuchanja wafanyakazi, alijificha chooni mpaka nikatumwa kumtoa, na alipotoka alinitishia macho ili nisimwambie mtu. Nilimwambia kila mtu.

Sasa niseme juu ya points, kwa kuwa kila kitu kiliharibikia hapo.

Dawa ya maumivu haikutosha hata siku moja. Vichupa vya sindano vilikuja vichache, vidonge vikazidi hapo kidogo tu, na waliopasuliwa walikuwa wengi. Zamani Titulaire aligawa kwa jicho, na waliopiga kelele ndio waliopata. Kisha wakaja watu wa mafunzo, wakawafundisha wauguzi kumuuliza mgonjwa: maumivu yako ni ngapi juu ya kumi? Kumi ni makali kuliko yote. Zero ni kwamba hayapo. Titulaire aliupenda utaratibu huo kama mtoto anavyopenda viatu vipya. Akanunua kaye, yaani daftari, akaichora mistari. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akigonga mkasi: "Points ngapi?" Mgonjwa akitoa namba, Titulaire anaitamka kwa sauti, na mimi, kwa kuwa nilijua kuandika, ninakata kipande cha sparadra, ile plasta ya kufungia bandeji, ninaandika namba na kuibandika kwenye kichwa cha kitanda. Saba kwenda juu, sindano. Nne mpaka sita, kidonge. Chini ya hapo, vumilia.

"Sasa hakuna kelele," aliniambia. "Namba haipendelei muntu."

Kitu kingine alichokichukia, pamoja na kelele, ni majani. Dawa za kienyeji hazikupita mlango wake. Alinusa vyombo vya watu. Kila mgonjwa ana garde-malade wake, ndugu anayekaa naye na kumpikia, na hao ndio waliobeba mitishamba chini ya vitenge. Akiikamata, anaimwaga mferejini mbele ya mwenyewe, na mwenyewe akibisha, anafukuzwa. Ugomvi wa hapo mlangoni ulikuwa wa kila siku. Bibi mmoja alimuuma kidole, akabaki na alama. Na bado, jamani, nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichaka cha mubirizi, yale majani machungu yanayojulikana na kila nyumba ya kwetu, na mke wake alinicheka siku nilipoyaona: "Unafikiri goti lake nani analichua?" Nilipomkabili alisema goti lake halijashonwa na mtu. "Mwili muzima unaweza kucheza na majani. Ulioshonwa, hapana."

Mama yangu alikuwa mtu wa majani. Kule Lubarika walimfuata kwa miguu iliyovimba, kwa mgongo, kwa wanawake waliotoka kujifungua. Hakuwa mchawi wala mwongo. Alikuwa anakataa wagonjwa asiowaweza, na wapo watu wazima leo wanaotembea kwa sababu yake. Nilikulia kati ya mfuko wake na harufu yake, halafu ukubwani nikafanya kazi kwa mwanaume anayeyamwaga majani hayo mferejini. Nilijiona mjanja, niko pande zote mbili.

Dada yangu alipigwa risasi akivuna muhogo upande wa Nyakabere. Watu wenye bunduki walitokea kwenye mashamba, hawakuuliza jina wala kabila, wakapiga tu. Wenzake wawili walibaki pale pale kati ya mashina. Yeye risasi iliingia ubavuni. Akaletwa kwa pikipiki, na damu yake ilikuwa imetiririka mpaka ndani ya viatu vya dereva. Daktari alimpasua mchana huo huo, akashona utumbo, akatoka akiwa anavua glavu na kusema ataishi. Shikeni hilo. Daktari alisema ataishi.

Asubuhi iliyofuata Titulaire akafika kitandani pake, mimi nyuma yake na sparadra yangu. Dada alikuwa ameuma pindo la kitenge. Kwetu mwanamke halii mbele ya watu, tulifundishwa hivyo kwa fimbo.

"Mama, points ngapi juu ya kumi?"

Dada akalitoa pindo kinywani. "Zero."

"Zero?"

"Zero, baba."

Titulaire akageukia salle yote, akagonga mkasi kwa furaha. "Munasikia? Huyu muke amepigwa risasi mu tumbo, anasema zero! Na ninyi wanaume munalia kama mbuzi ya Noeli! Balai, andika!"

Nikaandika. Nilichora duara moja kubwa, nikalibandika juu ya kichwa cha dada yangu kwa mkono huu. Watu wengine wakacheka, mmoja akapiga makofi. Dada akageuza uso ukutani na machozi yakamshuka. Nilidhani analia kwa kusifiwa. Mungu anisamehe, nilidhani hivyo kweli, nikaenda kuosha ndoo zangu.

Kesho yake tena, zero. Titulaire akampita na sindano, akampa jirani yake, mwalimu mzee aliyekuwa ametolewa uvimbe mgongoni na aliyesema kumi kila siku kwa sauti nzuri.

Sasa mniulize mimi, niliyelala naye mkeka mmoja utotoni. Nilipaswa kujua. Dada aliacha shule darasa la pili. Pale shuleni aliyepata zero aliitwa mbele, mwalimu anatangaza, darasa zima linamzomea, kisha anachapwa, na akifika nyumbani baba anamchapa tena. Kwake zero haikuwa "hakuna." Zero ilikuwa shimo, ubaya ambao chini yake hamna ubaya mwingine. Aliulizwa juu ya kumi ana ngapi, akajibu kama alivyofundishwa duniani: nina ile mbaya kupita zote. Na mzee mwenye mkasi akamtangaza mbele ya watu, nao wakamcheka.

Mama alipomfikia siku hiyo ya pili, dada alimnong'oneza: "Nimepata zero, mama. Hawanipe sindano." Mama hakusoma hata siku moja, lakini neno hilo alilijua. Alielewa kwamba binti yake amehukumiwa. Hakuniuliza, maana mimi nilikuwa mtu wa Titulaire. Alikwenda kwa jamaa yetu pale mjini, akachemsha mubirizi pamoja na mizizi ambayo hakuitaja kamwe, akatia ndani ya thermos ya chai, akapita nayo mlangoni huku Titulaire akiwa kwa daktari. Dada hakuruhusiwa hata maji. Alikunywa vikombe viwili.

Haikufika adhuhuri. Nilisikia sauti ambayo sikuijua, nikatupa kitambaa nikakimbia. Dada alikuwa anatapika kwa nguvu, mwili mzima unaruka juu ya kitanda, na kwa kila mruko mshono unaachia. Kisha ukaachia wote. Yaliyokuwa ndani yakatoka juu ya shuka. Hapo ndipo alipopiga kelele kwa mara ya kwanza tangu alipopigwa risasi, na mama amesimama na kikombe mkononi.

Titulaire aliingia akikimbia na mabuti yake. Alimsukuma mama kwa kiwiko akaanguka, akalowesha vitambaa, akafunika tumbo kwa viganja vyote viwili huku anaita watu wa chumba cha upasuaji kwa sauti ya kupasua kuta. Walipomchukua dada, akainua ile thermos, akainusa, akaitupa ukutani ikapasuka. Kisha akamfuata mama pale sakafuni anapoinuka, akampiga kofi. Mama yangu! Mwanamke mwenye wajukuu!

Nikachukua mti wa ufagio nikampiga nao mgongoni. Nilimpiga mpaka ukavunjika. Hakugeuka.

"Umemuua mutoto wako na majani yako!" alimfokea mama.

"Weye ulimunyima sindano!" mama akamfokea. "Ameniambia, alipata zero!"

"Zero njo kusema hailume, hakuna maumivu!"

"Hailume? Zero njo mwisho wa ubaya! Nani muntu hajue zero?"

Titulaire alitazama ile sparadra yangu juu ya kitanda kilichojaa damu. Mwalimu mzee wa kitanda cha jirani, akitaka kutuliza mambo kwa adabu yake, akasema: "Titulaire, miye ile kumi nilikuwa ninakupa weye na daktari. Munafanya kazi muzuri." Maskini, siku zote mbili alidhani anatoa maksi. Na siku zote mbili alichomwa sindano ya dada yangu.

Titulaire akapita kitanda kwa kitanda akibandua sparadra, zote, akizikunja kuwa donge moja mkononi. Kisha akatoka nyuma ya jengo. Nilimkuta pale anaupiga ukuta ngumi, na ukuta una damu. Nilifurahi kuiona. Dada hakutoka hai katika chumba cha upasuaji.

Hakuniomba msamaha. Sio siku ile, sio msibani, ambako alikuja amefungwa bandeji mkononi, akakaa na wanaume, akala alichopewa, akaondoka. Nilibaki kazini kwa sababu nilikuwa na watoto, na kwa sababu nyingine ambayo si nzuri: nilitaka kuwapo siku Mungu atakapomlipa. Kila asubuhi nilimsalimia "Jambo, Titulaire" nikiwa na neno hilo tumboni.

Aliacha kuuliza points kama zamani. Sasa alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kusema: "Kumi ni moto. Zero ni usingizi. Uko wapi, ku moto ao ku usingizi?" Kisha akauliza tena kwa Kifuliiru au Kirundi. Kisha hakuamini jibu, akaweka mkono karibu na kidonda na kuangalia uso. Ilimchukua nusu ya asubuhi. Wauguzi wadogo walinung'unika, akawatukana.

Halafu siku moja mchana wakaja watu wenye bunduki, wa upande gani siwezi kuwaambia, wamembeba mwenzao mwenye mguu uliosagika. Mkubwa wao akamwekea Titulaire mtutu shingoni. "Dawa yote ya maumivu. Leta!" Titulaire, shingo imekwama kwenye chuma, akainama kwa yule mwenye mguu akamuuliza: uko kwenye moto au kwenye usingizi? Mkubwa akajibu kwa ajili yake: "Kumi! Iko kumi!" Titulaire akasema, "Sikuulize weye." Kitako cha bunduki kikamvunja taya. Nilisikia lilivyolia, mlio mkavu, kama kuni. Wakavunja kabati, wakachukua kila kichupa, wakaondoka na mwenzao akining'inia.

Ndani ya salle tulikuwa na watu tisa waliopasuliwa wiki ile. Kwa siku mbili walilia pamoja. Mmoja aling'oa bandeji yake kwa meno, mwingine alimpiga mke wake teke akidhani ndiye anayemuumiza. Siku ya tatu Titulaire, taya limefungwa kwa kitambaa, hawezi kufumbua kinywa sawasawa, akaniita. Akaandika kwenye kaye na kunionyesha: *Mama yako atakubali kuja?*

Nilitaka kumtemea mate. Lakini wale tisa hawakuwa na kosa. Nikaenda Lubarika.

Mama alisikiliza, akafunga mfuko wake. Tulipofika mlangoni pa salle, Titulaire alikuja kumpokea. Mama akaweka mfuko chini. Akamtazama taya lililovimba, akachagua shavu la upande mzima, akampiga kofi la mkono wazi lililosikika mpaka uani.

"Asante, mama," Titulaire akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Sasa nionyeshe bitanda," mama akasema.

Walifanya kazi pamoja mpaka dawa zilipoletwa tena. Mama alichemsha majani ya muravumba, akawakanda waliovimba kwa vitambaa vya moto, mbali na mshono. Titulaire alimwonyesha nani aruhusiwe kunywa na nani asiguse hata tone, na mama, Mungu ni shahidi wangu, alitii. Walibishana kwa ishara na matusi. Titulaire akachora kaye upya: huku kabla ya majani, huku baada. Aliandika ukweli, hata pale ulipomkera. Waliovimba walipata nafuu, wakalala. Mmoja aliyepasuliwa mgongo akasema maumivu yamepungua nusu. Lakini mmoja wa wale tisa, aliyekatwa mguu, alishuka kutoka tisa mpaka nane tu, na mama akasema hiyo moja ameitoa kwa adabu. Sindano ziliporudi, mtu yule alichomwa, na kabla sijamaliza kupiga deki upande mmoja alikuwa anakoroma. Mama alisimama hapo akimwangalia.

"Dawa yangu haijue kisu," akasema.

Titulaire angeweza kumcheka. Alifunga kaye, akamwambia: "Na yangu haijue kuuliza." Hayo ndiyo maneno ya karibu zaidi na msamaha niliyoyasikia kwake, na aliyepewa ni mama, si mimi. Mimi ndiye niliyeandika ile zero. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala aliyenizaba kofi. Nilibaki nayo.

Alistaafu. Miaka ikapita, mama naye akafariki. Nilikuwa ninamwona mzee mara moja moja njiani, anachechemea, ana ugonjwa wa sukari, taya limepinda kidogo. "Balai," anasema. "Titulaire," ninasema. Basi.

Mwaka huu alirudi katika salle yake akiwa amebebwa. Mguu ulioza. Waliukata juu ya goti, lile goti la mubirizi. Wakamweka kitanda cha dirishani, na titulaire wa sasa, binti mwerevu ambaye hakumkuta, akapita na karatasi zake. Points wamezirudisha. Watu wamesahau, au hawakuambiwa.

"Muzee, maumivu ngapi juu ya kumi?"

"Zero," akasema.

"Zero! Muzee wa nguvu!" Binti akaandika, akabandika sparadra, akapita.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa changu kibichi. Uso wa mzee ulikuwa wa kijivu, jasho linatiririka mpaka masikioni, na mkono wake umeshika chuma cha kitanda mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Mtu aliyekaa salle miaka kama mimi hadanganywi na namba. Na mimi ndiye mtu pekee aliyekuwa anajua. Nikasema moyoni: acha. Acha ale zero yake. Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Nikapiga deki salle nzima, kona hadi kona, polepole, nikimsikiliza anavyovuta pumzi kwa meno. Kesho yake akaulizwa tena, akasema zero tena, na mimi nikapiga deki tena.

Nilipomaliza sikuweza kutoka. Nikaenda kitandani pake.

"Titulaire. Zero gani hiyo?"

Akafumbua macho. Alinitambua.

"Ya dada yako."

Kitambaa kikanidondoka. Nikamwinamia karibu kumkaba. "Kwani kuluma kwako kutamufufua?"

"Hapana. Nilitaka kujua ilikuwa namna gani."

"Na sasa unajua?"

Akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakashuka upande, mpaka ndani ya sikio, kama yalivyomshuka yule mwingine aliyegeukia ukutani.

Nilichomoa kalamu ya bic mfukoni mwa aproni. Niliishika kwa mkono huu huu. Nikapanda juu ya ukingo wa kitanda, nikaifikia ile sparadra, na mbele ya zero nikachora mstari mmoja wima. Kisha nikageuka nikapiga kelele mpaka wagonjwa wote wakainuka vitandani:

"Weye binti, kuya na sindano! Kumi! Huyu muntu iko kumi!"